Maswali ya wasomaji: Nani hasa anairusha ile ndege?

Barua nyingi safari hii zinahusu kasino za kwenye simu, hasa Aviator, mchezo wa ndege inayopaa huku namba ya kuzidishia dau lako ikipanda, nawe unatakiwa utoe hela kabla ndege haijapotea, na karibu zote zinailaumu kampuni ya kubeti. Tuanzie hapo, kwa sababu michezo yenyewe haitengenezwi huko.

Kuna siku naona kabisa kampuni yangu ya kubeti imeibana ndege, haivuki 1.50. Wanaweza kufanya hivyo? (Msomaji, Mwanza)

Ndege haiko kwao. Aviator ni mchezo wa Spribe, studio yenye chimbuko lake Georgia, uliotoka mwaka 2019. Seva inayoamua ndege ipotelee wapi ni ya studio. Kampuni unayobetia inatunza akaunti na salio lako: ukiweka dau, seva ya studio inaiambia ikate, ukishinda, inaiambia iongeze.

Kinachokubana ni hesabu iliyomo ndani ya mchezo. Kiwango cha marejesho ni 97%, yaani katika kila shilingi 100 zinazowekwa, wastani wa raundi nyingi mno, 97 hurudi kwa wachezaji na 3 hubaki. Kwa hesabu hiyo, nafasi ya ndege kufika 2.00 ni takriban 48.5%, kufika 10 ni 9.7%, na kufika 100 haitimii hata 1%. Karibu raundi 3 katika 100 inapotea hapo hapo kwenye 1.00, hujagusa kitu. Siku ya 1.20 na 1.35 mfululizo imo ndani ya hesabu hiyo hiyo.

Wengi mmetuandikia kwamba mnalenga 2.00 na kuongeza dau maradufu kila mkikosa. Anza na shilingi 20: zinafuata 40, 80, 160, 320, 640. Ukikosa mara sita mfululizo umeshatoa 1,260, na raundi ya saba inadai 1,280 ili ubaki na faida ya shilingi 20. Kila unapoanza upya na shilingi 20, uwezekano wa kukosa zote sita ni takriban 1 kati ya 54. Na studio imeupa mchezo raundi fupi, zinazofuatana bila kupumzika, kwa hiyo jioni moja inatosha kabisa kukufikisha hapo.

Kwenye sloti, yaani michezo ya kuzungusha picha, kampuni ya kubeti ina mkono wake, na hili tunaomba mlishike. Studio nyingi hutoa sloti moja katika matoleo kadhaa ya marejesho, kampuni ichague. Gates of Olympus ya Pragmatic Play, kwa mfano, ipo ya 96.50%, ya 95.51% na ya 94.50%. Picha ni zile zile, muziki ni ule ule. Mtu anayezungusha mara 500 kwa dau la shilingi 200 anaweka jumla ya 100,000. Kwa wastani toleo la juu linambakizia hasara ya 3,500, la chini 5,500. Kabla ya kucheza, fungua sloti, bonyeza alama ya "i" au mistari mitatu, shuka kwenye kurasa za kanuni, karibu na mwisho, utafute asilimia iliyoandikwa pembeni ya herufi RTP, yaani kiwango cha marejesho. Isipokuwepo, tungekushauri usiweke hela yako.

Kuna programu inauzwa Telegram, wanasema inatabiri ndege itafika ngapi. Inafanya kazi? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, ni utapeli. Kabla ya raundi, seva ya studio hutengeneza namba yake ya siri na kuonyesha alama ndefu iliyotokana nayo, ili isiweze kuibadilisha baadaye. Raundi inapoanza, namba hiyo huunganishwa na namba kutoka kwenye simu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, kisha zote hupitishwa kwenye SHA-512, kanuni ya kihesabu inayozigeuza kuwa alama moja ndefu, ndipo matokeo yapatikane. Dakika tano kabla, hao watatu hata hawajulikani. Hakuna cha kutabiri.

Raundi ikiisha unaweza kuhakiki mwenyewe: gusa matokeo yake kwenye safu ya juu, zitaonekana namba ya seva, za wachezaji watatu na alama ya mwisho. Ziunganishe kwenye kikokotoo chochote cha SHA-512 uone kama alama inalingana.

Shikamoo. Sloti inanipigia muziki wa ushindi kila mara, lakini salio linashuka tu. Kwa nini?

Marahaba. Umeweka 200 kwenye mistari 20 ya malipo, mmoja umelipa 120, studio ikawasha taa na muziki. Ukweli ni kwamba umepoteza 80. Uingereza ilipiga marufuku sherehe za namna hiyo kwenye sloti za mtandaoni tangu Oktoba 2021, ikazuia pia mzunguko wa chini ya sekunde 2.5 na kuzungusha kwa otomatiki. Sheria hiyo haituhusu huku, kwa hiyo zima sauti mwenyewe, zima na kasi ya turbo, kisha tazama salio badala ya maandishi yanayorukaruka.

Nilibonyeza kutoa kwenye 3.40, mtandao ukasuasua, hela ikaenda. Nimdai nani?

Kinachohesabiwa ni muda amri yako ilipofika kwenye seva. Kidole kilipogusa kioo hakihesabiwi. Tena namba hukimbia zaidi kadiri ndege inavyopanda, hivyo kuchelewa nusu sekunde kwenye 8.00 kunaumiza kuliko kwenye 1.50. Kama laini yako ni dhaifu, weka kutoa kwa otomatiki kabla ya raundi, maana agizo hilo linakuwa limeshafika kwenye seva.

Madai peleka kwa kampuni ya kubeti, kwa kuwa mkataba wa hela uko kati yako na wao. Piga picha ya kioo ya historia ya madau, andika saa na namba ya raundi, uwaombe kumbukumbu ya raundi hiyo kutoka studio. Wakikaa kimya, Tanzania nenda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ukiwa na vielelezo hivyo hivyo.