Usisaini kabla hujajua utaripoti kwa nani

Usisaini hiyo barua Ijumaa. Nimesoma swali lako mara mbili: kampuni ya hapa Tanga imekupa kazi ya Afisa Mawasiliano chini ya Meneja Utawala, nawe unauliza kama mshahara unatosha, ununue kamera gani, na kama shahada ya pili itakupandisha. Mdogo wangu, mwiba uko pale ulipopita haraka: chini ya Meneja Utawala. Hapo hapo ndipo nilipoumia mimi.

Kampuni iliyoniajiri, jina nalihifadhi, ilikuwa na kiwanja kinachoshuka mpaka pwani. Katikati yake kulikuwa na njia ya siku nyingi. Wavuvi walipita pale na nyavu begani kwenda diko, na alfajiri kina mama walipita na ndoo kusubiri samaki. Menejimenti ikakaa, ikaamua njia ifungwe kwa uzio. Sikuwemo kikaoni. Saa hiyo nilikuwa chini, napiga picha keki ya kumuaga mhasibu. Alhamisi saa kumi na moja jioni bosi wangu akaniwekea karatasi mezani: "Itie Kiswahili kizuri, kesho itoke." Nikamuuliza kama wananchi wameshaambiwa. Hakuinua macho kwenye simu yake. "Tumeshakaa nao."

Nikaandika, na niliandika vizuri. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Yale maneno "baada ya mashauriano ya kina na wakazi" ni yangu mimi, kwenye ile karatasi hayakuwemo. Jumamosi nikapelekwa redioni kuyatetea. Wakafungua simu kwa wasikilizaji, na wa kwanza kupiga alikuwa mzee mmoja, sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, hujambo? Mimi ndiye mwenyekiti wa mtaa huo. Hebu nitajie siku mliyokaa na sisi, na nani alikuja." Mtangazaji akanigeukia. Siku sikuwa nayo, jina sikuwa nalo. Nikasema nitafuatilia, na jasho linanitoka chini ya kiyoyozi.

Kufika Jumatatu uzio ulikuwa umelala chini, askari wapo, simu za wakubwa haziishi. Barua ya onyo akaandikiwa nani? Mimi, kwa "kushindwa kulinda taswira ya kampuni". Waliokaa wakaamua hawakuguswa hata mmoja. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Lakini kazi si kitu, kazi nyingine nilipata. Kilichonikata maini ni sokoni. Mama niliyezoea kununua kwake changu aliniangalia, akarudisha noti yangu mezani: "Kaiambie kampuni yako ikuvulie."

Sasa nikwambie ninaowakasirikia. Aliyenifanyia usaili nilimuuliza kuhusu nafasi yangu, akaniambia cheo kisinisumbue, mawasiliano ndio moyo wa kampuni. Moyo gani unapewa chumba pembeni ya stoo na kuitwa maamuzi yakishapita? Na yule mwezeshaji wa semina aliyetufundisha kwamba ukifanya kazi nzuri, kiti mezani kitakuja chenyewe! Nilichapa kazi miaka miwili. Kilichokuja ni maombi ya mabango ya Idi na Krismasi. Watu wanaofundisha hivi wanaumiza vijana, nami sitawanyamazia.

Na usije ukaambiwa kwamba unadai makubwa. Arthur Page, bingwa wa mahusiano ya umma, alipoitwa na kampuni ya simu ya AT&T kule Marekani mwaka 1927, alikubali kwa sharti kwamba atakuwa na sauti kwenye sera za kampuni, siyo kuandika tu. Akaingia kama makamu wa rais. Mtafiti wa mawasiliano James Grunig na wenzake walichunguza mashirika zaidi ya 300 ya Marekani, Kanada na Uingereza, wakakuta mawasiliano yanafanya kazi vizuri pale mkuu wake anapokuwa karibu na wenye maamuzi. Tuyaache ya mbali. Wizarani hapa kwetu, mkuu wa Kitengo cha Mawasiliano Serikalini anawajibika kwa Katibu Mkuu, hapitii kwa mkurugenzi wa utawala. Kwa nini kampuni yako ione ajabu?

Kwa hiyo waombe chati ya muundo wa kampuni, uone kisanduku chako kiko wapi. Halafu omba mambo mawili yaandikwe kwenye barua ya ajira: kwamba unaripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji, na kwamba unahudhuria kikao cha menejimenti. Kama ni wagumu kukupa kura, haidhuru, mradi masikio yako yawemo. Ningekuwemo siku ile ningeuliza swali moja tu, mwenyekiti wa mtaa kasemaje, na wangelazimika kunijibu kabla ya uzio. Ahadi ya mdomo usiipokee. Mimi nilipewa, tena kwa tabasamu, na siku ya barua ya onyo hakuna aliyeikumbuka.

Wakikwambia haiwezekani, waulize uamuzi wao wa mwisho uliowagusa majirani, aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla yako aliambiwa lini. Kisha msikilize kwa makini atakayejibu.

Kamera achana nayo kwanza, simu yako inatosha. Waandikie leo, Ijumaa si mbali. Wakijibu, futa majina ubandike hapa tuisome kabla hujashika kalamu.