Barua kwa Mwanangu: Aliyeanguka Apewe Nafasi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi za kwa shangazi yako, lakini hataki kusikia habari ya kupunguza safari za huko. Paka wako kazaa tena, mara hii ndani ya sanduku langu la spana, kwa hiyo wiki ya pili sasa namba 14 naiazima kwa jirani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na baba yako mdogo barazani. Wenzako wa wodini hapo Liverpool wanakata tiketi za meli kwenda kisiwa cha Isle of Man kutazama mbio za pikipiki za barabarani, zile zinazoitwa TT, na wewe wamekuwekea nafasi. Unauliza kama kwenda kutazama mbio zilizoua watu wengi namna ile si sawa na kwenda kushangilia msiba.

Nitakujibu. Ila kwanza niambie, mmepanga kukaa wapi?

Sikwepi swali. Pale viti vya kukata tiketi ni vichache. Njia yenyewe ni barabara ya kila siku, ya mabasi na ya watu kwenda dukani, wanaifunga tu siku za mbio. Kilomita 60 na ushei mzunguko mmoja. Chukua kutoka Tanga mjini mpaka Muheza, kisha ugeuze urudi karibu na Pongwe, ndiyo hiyo. Kona zaidi ya 200, kupita vijijini, kupanda mlima Snaefell na kushuka tena. Kuta za mawe, nyumba, nguzo, vyote vimesimama pembeni palepale, na watazamaji wanakaa juu ya kingo na kwenye bustani za wenyeji. Mwaka 2023 mwendeshaji mmoja, Peter Hickman, aliumaliza mzunguko ule kwa wastani wa zaidi ya kilomita 219 kwa saa. Nimesema wastani, na hapo ndani kuna kona ambazo lazima ashike breki. Sasa mtu wa mwendo huo akiteleza, anakwenda wapi? Ndiyo maana nakuuliza utakaa wapi.

Unalijua neno langu, umelisikia tangu ukinishikia tochi gereji: aliyeanguka apewe nafasi. Mtu hafi kwa kuwa kaanguka. Waangalie wale wa MotoGP, mbio za ubingwa wa dunia za viwanjani, wanaanguka kila Jumapili, anateleza mita mia, ngozi ya suti inasagika, kokoto zinampunguza kasi, anainuka anakung'uta vumbi na kumlaumu fundi. Kinachoua ni kile anachokikuta njiani. Uwanja wa Monza, Italia, mwaka 1973, Jarno Saarinen na Renzo Pasolini walikufa pamoja mzunguko wa kwanza tu, kona ya kwanza kubwa, na reli ya chuma ilikuwa hatua chache kutoka njiani. Mpaka leo watu wanabishana, mafuta yaliyomwagika au injini iliyokwama. Mimi hilo silibishanii. Injini zitakwama, mafuta yatamwagika. Reli ile nani aliiweka pale? Suzuka, Japani, 2003, Daijiro Kato, ukuta tena. Baada ya hapo MotoGP haikurudi Suzuka. Ukuta ukitoka, watu wanaishi, mie nilikuwa nikisema hivyo kama mtu anayesoma hesabu ya mbili na mbili.

Hadi Oktoba 2011. Wewe ulikuwa bweni, hukuwepo. Nilimlipa yule kijana wa kibanda umiza atuwekee mbio za Sepang, Malaysia, asubuhi kabla ya mpira, tukakaa mimi na baba yako mdogo na vijana wawili waliolala kwenye benchi wakisubiri United na City. Mzunguko wa pili Marco Simoncelli akateleza. Mimi hata sikushtuka, maana Sepang ina nafasi, pembeni ni uwanja mtupu. Lakini tairi likashika tena. Badala ya kwenda nje na pikipiki yake, akavutwa kurudi ndani, akakatiza mbele ya wenzake. Colin Edwards akampiga, na Valentino Rossi, rafiki yake kabisa, akampiga. Helmeti ikamtoka. Miaka 24.

Kimya. Halafu baba yako mdogo akasema, "Nafasi ilikuwepo, kaka. Yeye ndiye hakwenda."

Mtaani kwetu siku ile inakumbukwa kwa United kufungwa sita. Mimi nakumbuka hilo neno. Kwa sababu nilirudi nyumbani nikahesabu, na hesabu ilikuwa imeniharibikia hata kabla. Mwaka mmoja nyuma, Misano, Shoya Tomizawa, miaka 19, aligongwa na waliokuwa nyuma yake. Baadaye, Mugello 2021, Jason Dupasquier, 19, vilevile. Na mwaka huohuo wakafa watoto, Hugo Millán wa miaka 14 na Dean Berta Viñales wa 15, wote kwenye kundi zito la pikipiki zinazofuatana kama siafu. Ndipo wakapandisha umri, kuanzia 2023 wa kuingia ubingwa wa dunia ukawa miaka 18, isipokuwa kwa wachache. Luis Salom pale Barcelona 2016 alipewa nafasi, ila ilikuwa ya lami, haikumpunguza kasi, ikamfikisha ukutani na pikipiki yake imemtangulia. Suti zina mifuko ya hewa inayofumuka yenyewe mtu akianguka, tangu 2018 ni lazima kwenye mashindano yale, na vifua na mabega vingi vimepona. Tairi la mwenzako kichwani ni habari nyingine.

Kwa hiyo mtu angeweza kusema TT wamekuwa na akili kuliko hao wa viwanjani, maana pale wanaachiwa mmoja mmoja, sekunde kumi kumi, kundi halipo. Ndiyo, kundi halipo. Lakini ukuta upo. Toka mwaka 1911 barabara ile ya mlimani imechukua watu zaidi ya 260, ukijumlisha na mbio nyingine zinazofanyika juu yake. Basi tuseme neno langu bado ni zima, aliyeanguka apewe nafasi, na aliye nyuma apewe umbali. Unaona? Limeshakuwa maneno mawili. Neno likianza kuzaa, fahamu limezeeka.

Sasa nikuambie la magunia.

Mguu wa baba yako mdogo umeukuta vile, ulipoanza kutembea ulikuwa ukimwiga kuchechemea mpaka mama yako akakufinya. Mlichoambiwa ni kwamba alianguka na pikipiki siku ya Idd. Kweli. Idd pili, 1988, shamba la mkonge nje ya mji, zile barabara za ndani zilizonyooka kama rula. Tulikuwa vijana sita na pikipiki sita, mbili wenyewe hawana habari. Yeye alikuwa juu ya Honda yangu, miaka 20, anaendesha kuliko sisi sote na anajua. Mimi nilipewa kazi ya njia.

Na kazi ile niliifanya. Wiki mbili nilizunguka kwa wauza nazi kukusanya makumbi, nikashindilia magunia 20, nikayapanga kwenye kona ya pili, pale palipokuwa na kalavati lenye kingo za zege. Nilijitupa juu yake mwenyewe kuyajaribu. Laini kama godoro. Nilijiona mhandisi.

Saa ya kuanza mgeni rasmi akafika na mkewe na wazee wanne. Viti tulivyoazima msikitini havijaja. Watu wazima wamesimama juani na kanzu nyeupe za Idd, na mimi ndiye mwenye shughuli. Nikakimbia konani nikabeba magunia sita, moja moja begani, nikawatandikia na mkeka juu. Wakakaa. Mama yule akanishukuru, akasema kijana huyu ana adabu. Nikafurahi! Nikawa natembea kifua mbele. Yamebaki 14, nikajisemea, yanatosha.

Mzunguko wa tatu vumbi lilikuwa zito, akaingia kona kwa upana. Hakupita palipo na magunia 14. Alipita palipokuwa na sita.

Sauti yake sitakuandikia. Paja lilivunjika mara mbili. Nilipogeuka kukimbia, mzee mmoja alikuwa bado amekaa juu ya gunia, anauliza, "Amekuwaje?"

Bibi yako alikufa akiamini breki zilikatika. Nilimwacha aamini, na fundi wa pikipiki ile nilikuwa mimi, kwa hiyo hata uongo wenyewe haukunifaa kitu. Baba yako mdogo hajawahi kuniuliza magunia yalikwenda wapi. Miaka yote hii. Sijui kama aliona. Kuna siku nadhani aliona, kuna siku naona ni moyo wangu tu unanitisha. Mama yako anajua. Sasa na wewe.

Unasema wenzako wanakujibu kwamba wale wa TT ni watu wazima, wamechagua. Hoja hiyo nimeigeuza sana. Giacomo Agostini ameshinda TT mara kumi, lakini rafiki yake Gilberto Parlotti alipokufa pale kwenye mvua mwaka 1972, akasema basi, baada ya mwaka ule hakukimbia tena pale. Baada ya 1976 mbio za TT zikaondolewa kwenye ubingwa mkuu wa dunia. Kwa hiyo leo hakuna anayelazimishwa na pointi za ubingwa huo, anayekwenda kaenda kwa mapenzi yake. Nakubali. Halafu nakumbuka baba yako mdogo naye alikuwa mtu mzima, alichagua, ila alichagua kona yenye magunia 20. Hakuna aliyemwambia yamebaki 14. Na yule wa miaka 14, tuseme naye alichagua? Halafu tena nakumbuka macho ya baba yako mdogo alivyokuwa amekaa juu ya ile Honda kabla ya bendera, mwanangu, sijamwona mtu mwenye furaha vile, hata siku ya harusi yake, na harusi ile unajua ilivyokuwa. Ningemnyima?

Mwaka 2022 TT ilichukua watu sita. Wawili walikuwa baba na mwanawe, kwenye ile pikipiki ya magurudumu matatu, mmoja anaendesha, mwenziwe ananing'inia ubavuni. Baba miaka 56, mtoto 21. Kwenye ajali nyingine ya pikipiki kama hiyo walichanganya majina, familia moja ikaambiwa wako kafa na nyingine ikaambiwa wako mahututi, siku kadhaa zikapita, kumbe ni kinyume. Yule aliyekuwa mahututi naye akafariki Oktoba. Wewe ni nesi, utaelewa kuliko mimi jinsi jambo lile linavyoweza kutokea. Mimi nalielewa kwa upande wa anayepigiwa simu.

Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Mama yako kaniambia nisiliandike, eti una miaka 31 na mshahara wako. Haya. Nimenyamaza. Lakini kama ni kwenda, usikae nje ya kona. Kaa upande wa ndani, juu, na nyuma yako kuwe na njia ya kutokea. Ukifika mahali ukaona kila mtu kakaa kwa raha, tazama kwanza wamekalia nini.

Baba yako mdogo aliposikia sauti yako hakusema kwenda wala kutokwenda. Alisema umpigie picha lile daraja la Ballaugh, pale pikipiki zinaporuka tairi zote mbili, na umletee kofia ya TT, ya kitambaa, nyeusi, kichwa chake unakijua ni kikubwa. Anasema atakupa pesa ukija.

Usizipokee. Niambie ni kiasi gani, nitalipa mimi.

Baba yako