Solapanki kwa vitendo: anza na betri
Kwa aliyeuliza kama solapanki (solarpunk, fikra za maisha ya baadaye yanayotegemea nishati safi) ni zaidi ya picha za maghorofa yaliyoota miti: ndiyo. Inasisitiza watu kumiliki na kutengeneza vyombo vyao wenyewe, kwa hiyo anza na sola ya nyumbani. Na hapo kinachokufa kwanza ni betri.

Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 (amp-saa, kipimo cha ujazo wake), ina nishati ya kama Wh 1,200 (wati-saa: volti mara amp-saa), lakini tumia nusu tu. Ikipumzika ukapima volti 12.0, zima kila kitu. Ikiachwa chini ya hapo siku kadhaa, salfeti hugandamana kwenye sahani za risasi zilizo ndani ya betri na chaji haiingii tena. Kurudisha hizo Wh 600 kwa saa tano za jua kali kunataka paneli ya wati 160 hadi 200, maana joto, vumbi na waya hula sehemu yake.

Funga betri kwenye chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) kwanza, paneli baadaye: kontrola nyingi husoma betri ndipo zijue ni mfumo wa volti 12 au 24. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri. Betri ya gari, hata ukipewa bure, achana nayo. Sahani zake nyembamba ni za kuwashia injini.