Mchina kaniambia habari za boti moja na miaka mia, ananitongoza?

SWALI: Shangazi shkamoo. Mi ni mama ntilie huku Busisi mkoani Mwanza, enzi daraja la Kigongo-Busisi linajengwa wateja wangu wengi walikuwa mafundi, na kuna Mchina mmoja alikuwa anapenda sato wa kukaanga na ugali, anakula kwa mkono kabisa. Siku moja tukapanda wote kivuko pale Kigongo, mi natoka mjini na mchele wangu, akaandika kwenye simu ikatafsiri: "kuvuka boti moja ni wema wa miaka mia." Nikacheka tu. Kazi imeisha karudi kwao, juzi kanitumia maneno yaleyale na picha ya kivuko. Shoga yangu anasema hapo unatongozwa. Ni kweli? Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shoga yako kawahi mno. Hiyo ni methali ya kwao ya zamani na wewe umetumiwa nusu. Nzima inasema mpaka watu wavuke boti moja wametenda mema miaka mia, mpaka walalie mto mmoja kitandani ni miaka elfu. Iko kwenye mawazo ya dini ya Buddha, kwamba mtu anaishi maisha mengi na hakuna anayekaa karibu yako hivihivi tu, kuna jambo lenu huko nyuma ndo maana leo mmebanana kwenye kivuko na ndoo za dagaa na lori linanguruma pembeni. Hicho kinachowakutanisha wanakiita yuanfen.

Wachina wengi wakiisikia wanakumbuka hadithi ya Nyoka Mweupe, nyoka aliyejigeuza mwanamke, pale kwenye ziwa la West Lake mjini Hangzhou, mvua inanyesha, akapanda boti moja na kijana anaitwa Xu Xian, kijana akamwazima mwamvuli, alipoenda kuufuata ndo mambo yakaanza hadi wakaoana (huo ujanja wa mwamvuli hata Mwanza upo). Kwa hiyo boti na ndoa kwao ni majirani, hapo shoga yako hajakosea. Ila nusu ya boti wanaambiana hata wafanyakazi wenza na watu waliosoma pamoja, ni heshima tu. Ya mto ndo ya mke na mume, na huyo fundi kapata nafasi mara mbili, zote kaishia kwenye boti.

Kuna watakaosema si ndo ileile milima haikutani binadamu hukutana? Hapana bwana, yetu inaangalia mbele, mtaonana tena kwa hiyo usimfanyie mtu ubaya, yao inaangalia mlikotoka. Na haiahidi kitu, wana msemo mwingine, you yuan wu fen, yaani mmeandikiwa kukutana ila kukaa pamoja hamkuandikiwa.

Mi naona jamaa kakumbuka kivuko basi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 pale ni kama kilomita 3, gari linapita dakika chache, zile foleni za mpaka unamjua jirani yako ana watoto wangapi zimekwisha, na waliozimaliza ni haohao wakina yeye.

Sasa kama kwako ni rafiki tu, mshukuru, mtumie na picha ya sato. Kama na wewe una lako moyoni mwandikie nusu iliyobaki: qian nian xiu de gong zhen mian. Ataelewa hapohapo bila simu kumtafsiria. Ila kabla hujabonyeza kutuma muulize kwanza kama hana mke huko.