Rap ya injili ya kuanzia nayo: Heaven's Mentality ya Cross Movement

Mkuu, umeuliza uanze na albamu gani ya zamani ya hip hop ya Kikristo, na kama zile za andagraundi zilikuwa na uzito wowote. Nakujibu bila kusita: Heaven's Mentality ya kundi la Cross Movement, vijana wa Philadelphia, Marekani, 1997.

Mimi niliipata nikiwa kidato cha tatu, Mwanza. Ilikuwa kanda ya dakika 90 iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, jina limeandikwa kwa peni ya bluu na nusu ya herufi zimefutika kwa jasho la mikono. Redio ya nyumbani ilikuwa inakula mkanda, basi nachomeka Bic kwenye tundu, nazungusha taratibu mpaka ukae sawa, naanza upya.

Rap ya dini niliyoizoea kabla ya hapo ilikuwa kiitikio kitamu na biti laini, basi. Hawa walikuwa wanachana Utatu, dhambi, msalaba na neema juu ya midundo mizito ya Pwani ya Mashariki ya Marekani, na hawakumrahisishia mtu. Nakaa na Biblia huku, kamusi ya Kiingereza kule, ubeti mmoja unanimalizia jioni nzima. Waraka kwa Warumi niliusoma mara ya kwanza mwanzo hadi mwisho kwa sababu yao.

Mzee mmoja wa kanisa aliichukua ile kanda, akasema ni muziki wa wahuni. Baada ya wiki mbili akanirudishia, akaniuliza, "Hapa wanaposema damu, wanamaanisha nini?" Tukakaa kwenye benchi nje ya kanisa mpaka giza likaingia. Sijasahau.

Uzito wake kwangu uko hapo. Waliichukulia hip hop kama lugha inayoweza kubeba mafundisho mazima, si chambo cha kuvutia vijana ibadani. Mmoja wao, The Ambassador, yaani William Branch, alikwenda mpaka kusoma theolojia Dallas. Walisimamia kazi zao kwa lebo yao wenyewe, na albamu yao Holy Culture ya 2003 ikawafikisha kwenye uteuzi wa Grammy. Lecrae, rapa mwingine Mkristo wa Marekani, alikuja kupita njia waliyofyeka wao: Grammy ya albamu bora ya injili 2013, kisha albamu yake Anomaly ikashika namba 1 ya Billboard 200, chati ya albamu za Marekani, mwaka 2014. Ukianza na Lecrae utafurahi, ila utakuwa umeingia sinema katikati.

Jambo moja nisikufiche, maana utalikuta tu. Mwaka 2022 Phanatik, mmoja wa waanzilishi wa Cross Movement, alitangaza hadharani kwamba ameiacha imani. Niliumia kama nimefiwa. Wiki hiyo nilisikiliza beti zake zote tena, peke yangu, usiku. Bado zinanijenga, na bado namwombea.

Anza na wimbo wa kwanza, usirukeruke. Na Biblia iwe karibu.