Je, ni lazima nitumie jina langu halisi ninapouza bidhaa mtandaoni?

SWALI:

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mwanamke, natengeneza mafuta ya ngozi na ya nywele nyumbani na kuyauza mtandaoni. Nilianza kwa jina langu na picha yangu. Wanaume wasionihusu wakawa wananiandikia maneno ya ovyo, na baadhi ya ndugu wakaanza kuhesabu ninachopata. Nikaufunga ukurasa ule. Rafiki yangu akanishauri nifungue mwingine kwa jina la kigeni, niweke picha ya mwanamke niliyoitoa mtandaoni, nijitambulishe kuwa mtaalamu wa ngozi, na niandike mwenyewe maoni machache ya wateja ili watu waniamini. Nimefanya hivyo kwa miezi kadhaa na mauzo yameongezeka, lakini moyo wangu hautulii. Je, dini inanilazimisha kutumia jina langu halisi? Na pesa nilizokwisha kupata zina hukumu gani?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Maswahaba wake.

Dada yangu, sharia haikulazimishi kubandika jina lako la kuzaliwa wala uso wako kwenye biashara. Inachokulazimisha ni kwamba usiseme uwongo, na kwamba mnunuzi mwenye haki kwako aweze kukupata. Ulipoufunga ukurasa wa kwanza hukufanya kosa lolote. Kosa limeingia katika ule wa pili, na si kosa moja.

Nianze na faragha, kwa sababu wapo wanaodhani kila anayejificha ana jambo baya. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.). Alikwenda kumuuliza Mtume (s.a.w.) kama itamtosheleza kumpa sadaka mumewe na mayatima waliokuwa chini ya malezi yake. Mlangoni akamkuta mwanamke wa Kiansari aliyekuja na haja hiyo hiyo. Bilal (r.a.) alipotoka, wakamwomba awaulizie, wakamwambia: usimwambie sisi ni akina nani. Mtume (s.a.w.) alipouliza ni nani hao, Bilal akajibu: mwanamke wa Kiansari na Zaynab. Akauliza: Zaynab yupi? Akajibu: mke wa Abdullah. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa watapata malipo mawili, ya kuunga udugu na ya sadaka.

Kisa hiki kinalijibu swali lako karibu lote. Wanawake wawili wema waliomba majina yao yasitajwe, na hatukupokea kwamba walilaumiwa kwa ombi hilo. Hawakujiita kwa majina ya watu wengine, walinyamaza tu. Kisha alipouliza mwenye haki ya kujibiwa, ukweli ulisemwa. Imam Nawawi, katika kuieleza hadithi hii, amebainisha kuwa Bilal alilazimika kujibu kwa sababu swali la Mtume (s.a.w.) ni wajibu kujibiwa, na wajibu huo ukatangulia mbele ya siri ya wale wanawake.

Hofu yako juu ya ndugu nayo ina asili katika Qur'ani. Nabii Ya'qub (a.s.) alimwambia mwanawe Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto yake wasije wakamfanyia vitimbi (12:5). Na bibi yetu Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali nyingi na heshima, lakini hakuzunguka masokoni na bidhaa zake. Aliwatuma wanaume kwa makubaliano ya malipo, na Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alikwenda Sham na mali yake akifuatana na Maysara, mtumishi wake. Mwanamke anayefanya biashara bila kuonyesha uso wake hajazua jambo jipya katika dini.

Kutumia jina la biashara, au kunya, yaani jina la heshima la "mama wa" au "baba wa" mtu, kama Ummu Fulani, hakuna tatizo. Wengi wa Maswahaba tunawajua kwa kunya zao kuliko majina yao, na Abu Bakr (r.a.) jina lake ni Abdullah. Jina la duka halimwambii mtu kuwa wewe ni mtoto wa nani, na kila mnunuzi anaelewa hivyo.

Huenda mtu akakuletea hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika mauzo yao, na wakificha na wakasema uwongo hufutwa baraka ya mauzo yao. Akakuambia: umeficha jina, basi baraka imeondoka. Wanachuoni wameeleza kuwa kilichokusudiwa hapo ni kuficha aibu, yaani kasoro, ya bidhaa au ya thamani inayolipwa. Jina la muuzaji haliwi aibu ya bidhaa, ila likifichwa ili aibu isijulikane au ili muuzaji asipatikane.

Na hapa ndipo ningependa usimame kidogo, kwa kuwa wauzaji wengi wa mtandaoni hawalitazami jambo hili. Mnunuzi akikuta aibu katika bidhaa ambayo hakuelezwa, ana haki ya kuirudisha na kupewa pesa zake. Wanachuoni wanaiita khiyari ya aibu. Haki hiyo atamdai nani, ikiwa muuzaji ni picha isiyo ya mtu anayemjua, na namba inayozimwa malalamiko yakija? Muuzaji wa namna hiyo hakuficha jina tu. Amemnyang'anya mnunuzi njia ya kudai haki ambayo Allah amempa.

Tazama jinsi Mtume (s.a.w.) alivyofanya. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, na Bukhari ameitaja bila isnadi kamili, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwamba mauzo kati yake na al-Adda' bin Khalid (r.a.) yaliandikwa, na maandishi yakawataja wote wawili kwa majina: hiki ndicho alichonunua al-Adda' bin Khalid kutoka kwa Muhammad, Mtume wa Allah, hakina ugonjwa, wala hila, wala ubaya, ni mauzo ya Muislamu kwa Muislamu. Riwaya zimetofautiana nani kati yao alikuwa muuzaji, lakini hazikutofautiana kuwa kila mmoja alimjua mwenzake, na kwamba sifa za kilichouzwa ziliandikwa. Hayo hayakuwa matangazo ya kusomwa na kila mpita njia. Ni maandishi yaliyowahusu watu wawili. Kwa hiyo dunia nzima haina haki ya jina lako, lakini aliyekulipa ana haki ya kujua anamrudia nani.

Sasa tuyaangalie aliyokushauri rafiki yako.

Picha ya mwanamke mwingine ni dhuluma kabla hata haijawa uwongo. Yule ni mja wa Allah mwenye heshima yake, na wewe umeufanya uso wake uwe dhamana ya biashara asiyoijua. Bidhaa ikimdhuru mtu, atakayelaaniwa ni nani? Iondoe leo, usisubiri upate nyingine ya kuweka mahali pake. Weka picha ya chupa zako za mafuta.

Jina la kigeni nalo, ukilitumia kama jina la bidhaa, ni jepesi. Ukilitumia kuwaambia watu "mimi ni fulani binti fulani wa ukoo fulani", umeingia mahali pazito. Allah amesema tuwaite watu kwa baba zao (33:5), na Mtume (s.a.w.) ametoa onyo kali kwa anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake huku anajua.

Kujiita mtaalamu wa ngozi ndilo linalonitia hofu zaidi katika barua yako. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ni vibaya kujionyesha mbele ya mke mwenzake kuwa amepewa na mumewe kitu ambacho hakupewa. Akajibiwa kuwa anayejionyesha kushiba kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uwongo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Asma binti Abu Bakr (r.a.). Ikiwa hilo limesemwa kuhusu majigambo ya nyumbani, itakuwaje kwa anayejipa elimu ambayo watu wanaiamini miili yao? Na ipo hadithi kwa Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kwamba anayetibu watu na hajulikani kuwa na elimu ya tiba atabeba dhamana. Maana yake, mtu akiungua ngozi kwa ushauri ulioutoa kwa jina la utaalamu, fidia iko juu yako. Sema ulivyo: natengeneza mafuta haya mwenyewe, viungo vyake ni hivi na hivi, mwenye ugonjwa wa ngozi amwone daktari kwanza.

Maoni ya wateja uliyoyaandika mwenyewe, wafanyabiashara wengi huyaona kuwa jambo dogo, hata huyaita mbinu. Mtume (s.a.w.) amekataza najash, kama alivyopokea Ibn Umar (r.a.) kwa Bukhari na Muslim. Ni mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili mwingine avutike alipe zaidi. Mteja wa kubuni anayeandika "yamenisaidia sana, nimeagiza tena" anafanya kazi ile ile, anamsukuma mnunuzi wa kweli kwa sauti ya mnunuzi asiyekuwepo. Tena kuna ushahidi wa uwongo ndani yake. Swahaba Abu Bakra (r.a.), ambaye si Abu Bakr, amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa ameegemea akitaja madhambi makubwa zaidi. Alipofika kwenye kauli ya uwongo na ushahidi wa uwongo akaketi, akawa anarudia na kurudia mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Ukiwa peke yako na simu yako usiku, ukiandika sifa kwa jina la mtu ambaye hakuumbwa, kumbuka kuwa Mtume wako aliacha kuegemea kwa sababu ya jambo hilo.

Wapo watakaokuambia utumie tawriya, yaani maneno yenye sura mbili. Ni kweli Abu Bakr (r.a.) katika safari ya hijra, alipoulizwa huyu uliye naye ni nani, alijibu: huyu ananiongoza njia. Muulizaji akadhani ni njia ya safari, naye alikusudia njia ya kheri. Lakini hapo palikuwa na roho ya kulindwa dhidi ya maadui. Nawawi ameeleza katika kitabu chake al-Adhkar kuwa maneno ya namna hiyo yakitumika kuchukulia batili au kuzuilia haki yanakuwa haramu. Dhidi ya mwanaume anayekusumbua kwa maswali, jibu la kukwepa linakufaa, na kumfungia asikuandikie tena kunakufaa zaidi. Kwa mteja anayeuliza "huyu pichani ndiye wewe?" kabla hajalipa, halikufai.

Kuhusu pesa ulizopata: kama mafuta uliyowatumia watu ni yale uliyoyaeleza, kwa viungo na kipimo ulichotaja, mauzo yamesihi na pesa ni zako, na uwongo ni dhambi inayohitaji toba. Dalili yake ni hadithi ya mnyama aliyefungwa chuchu ili aonekane ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) hakuyabatilisha mauzo hayo. Alimpa aliyenunua hiari, akiridhika abaki naye, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Basi aliyedanganywa ndiye mwenye hiari, na asipoitumia, mauzo yanabaki.

Kwa hiyo wale waliokuja kwako wakitaka ushauri wa mtaalamu, wakanunua kwa sababu hiyo, waandikie. Huhitaji kueleza maisha yako yote. Waambie kuwa maelezo ya ukurasa hayakuwa sahihi, kwamba wewe ni mtengenezaji tu, na anayetaka kurudishiwa pesa atarudishiwa. Asiyepatikana baada ya jitihada ya kweli, mwombee na mtolee sadaka kwa nia yake. Waliobaki, walionunua mafuta kwa kuwa walitaka mafuta, huna haja ya kuwasaka mmoja mmoja, ila rekebisha ukurasa ili wote wauone ukweli. Na kama uliahidi kuwa mafuta yanaponya kitu ambacho hujui kama yanakiponya, hilo ni zito kuliko jina na picha. Futa ahadi hiyo, na anayerudi kudai mrudishie bila mabishano.

Baada ya hapo endelea na biashara yako kwa jina la bidhaa, bila uso wako. Andika wazi kuwa mwenye biashara ni mwanamke anayehifadhi faragha yake. Weka namba moja inayojibiwa siku zote, na masharti ya kurudisha bidhaa. Mteja akishalipa, mpe risiti yenye jina linalolingana na lile analoliona anapotuma pesa, kwa maana akiona jina jingine atakuwa na haki ya kukushuku. Kama sheria ya nchi yako inataka biashara isajiliwe kwa jina halisi, au mtandao unaoutumia umeweka sharti hilo nawe ukalikubali ulipojiunga, litimize huko kwenye usajili. Waislamu wako katika masharti yao, na kusajiliwa huko hakukulazimishi kujitangaza kwa wapita njia. Ukipata mtu unayemwamini, kaka, mume au dada, anaweza kuwa wakala wako wa kujibu jumbe, kwa malipo au bila malipo, na wanaume wa ovyo wakutane naye yeye.

Utapoteza baadhi ya wafuasi utakapobadilisha ukurasa, na pengine mauzo yatashuka kwa muda. Ila huo moyo usiotulia uushukuru. Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa an-Nawwas bin Sam'an (r.a.), kuwa dhambi ni lile linalokukereketa nafsini na ukachukia watu walijue. Jina lako unachukia lijulikane kwa sababu ya maudhi ya watu, na hilo halikukukosesha usingizi hata siku ulipoufunga ukurasa wa kwanza. Kilichokukosesha utulivu umekitaja mwenyewe katika swali lako, na sasa unajua cha kukifanyia.

Wallahu a'lam.