Kamisheni tupu? Uliza kwanza nani analipa nauli

Swali lenu la wiki hii linasema: umemaliza chuo, kazi haionekani, kampuni inakuambia hakuna mshahara, utauza na utalipwa kamisheni tu. Je, ungekubali? Nawajibu kutoka Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), komini ya Katuba. Nimelea watoto kwa kuuza. Nilianza na vitenge, nikaingia kwenye bima, na leo nauza vifaa vya umeme wa jua na kuongoza vijana wanaouza. Jibu langu ni kubali, lakini si kabla ya kujua ni nani anayelipa njia yako mpaka siku mteja wa kwanza atakapotoa pesa. Kama anayelipa ni mama yako, kampuni haijakuajiri. Imemkopa mama yako bila kumwomba.

Jambo hili liko nyumbani kwetu pia. Mtoto wa mdogo wangu amemaliza licence (shahada) ya uchumi mwaka huu, na amepata nafasi mbili kwa mpigo: moja ya kuuza bima, nyingine ya kuuza vifaa vya sola. Zote mbili ni kamisheni tupu. "Mama mukubwa, beko banasema nianze juma inayokuja, lakini mushahara haiko," akaniambia. Kaka yetu mkubwa, mjomba wake, alikuwepo. Akasema papo hapo kwamba hiyo si kazi.

Namwelewa kaka yangu. Mji huu ulijengwa juu ya mshahara. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo baada ya kutaifishwa mwaka 1967 ikaja kuwa Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, hospitali, shule ya watoto na mposho wa unga. Mzee aliyekulia ndani ya hayo akisikia kijana mwenye diploma anatoka asubuhi bila kujua kama atarudi na kitu, anaumia. Lakini mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa départs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari, na watoto wa wengi wao wamekua wakiishi kwa kuuza, kubadilisha pesa na kuvusha bidhaa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Kumwambia binti asubiri kazi yenye mshahara wa kila mwezi ni kumwambia asubiri akiwa amekaa sebuleni, na kukaa nako kuna gharama. Ulichosoma kinafifia, na siku ukiitwa kwenye mahojiano wanakuuliza miaka hiyo ulikuwa wapi.

Kwa hiyo sikumwambia akatae. Nilimwambia alete karatasi na tuandike pesa zinazotoka kabla ya kuota zinazoingia. Taksi-basi kutoka Katuba mpaka mjini, nyingine kwenda mitaa ya Ruashi au Golf, manseba, yaani pikipiki ya abiria, pale ambapo basi haliingii. Chakula cha mchana, hata kikiwa bukari (ugali) na dagaa. Unité, yaani salio la kupiga simu, na mega za intaneti za kutuma picha za bidhaa. Viatu, maana anayetembea nyumba kwa nyumba anavimaliza upesi. Tuseme yote hayo ni dola 3 kwa siku, kwa siku 24 za kazi. Ni dola 72 kwa mwezi. Kampuni ya sola inamwahidi dola 15 kwa kila kifaa kinachouzwa. Maana yake kifaa cha tano ndicho kinachomaliza kurudisha nauli, na cha sita ndicho cha kwanza kumlisha.

Na hapo bado hujauliza pesa inatoka lini. Watu wengi hapa hawanunui kifaa kwa mkupuo mmoja, wanalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa au Airtel Money. Kampuni nyingine haitoi kamisheni mpaka mteja awe amelipa sehemu kadhaa, na akiacha kulipa inakukata ulichokwisha kupewa. Ukiuza leo, unaweza kula baada ya miezi miwili au mitatu. Miezi mitatu ya dola 72 ni dola 216. Mtu anayekupokea na tabasamu kwenye semina ya mafunzo hazitaji hizo dola 216. Anakutajia muuzaji bora wa mwaka jana aliyenunua gari.

Hizo dola zitatoka wapi? Nimeona mara nyingi zinapotoka. Zinatoka kwenye likelemba ya mama, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu aliokuwa akiungojea ili aongeze bidhaa katika soko la Kenya, komini ya hapa mjini, au alipe kodi ya nyumba. Zinatoka kwa dada aliyeolewa. Kijana hajui kwamba anakula mtaji wa familia, kwa sababu anapewa faranga elfu moja leo, elfu mbili kesho, na hakuna anayejumlisha. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Mama aione jumla kabla ya siku ya kwanza, aseme kama anaweza, na aseme mpaka lini.

Kampuni iombwe nayo ishike sehemu ya mzigo. Waombe wakupe nauli ya miezi mitatu ya kwanza, hata kama ni ndogo, hata kama mtakubaliana irudishwe polepole kwenye kamisheni. Kampuni inayoamini bidhaa yake inauzika haiogopi kutanguliza nauli. Inayokataa nauli, na zaidi inakudai wewe pesa ya beji, ya tisheti au ya mafunzo, iache hapo hapo. Vivyo hivyo ile ambayo kamisheni kubwa haitoki kwenye kuuza bidhaa bali kwenye kuleta vijana wengine wajiandikishe. Hapo bidhaa ni wewe na marafiki zako.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalioni mapema, na ndilo linaloniuma zaidi. Wateja wa kwanza wa muuzaji mpya ni watu wake. Shangazi ananunua ili kumtia moyo, mchungaji ananunua, jirani, rafiki wa baba. Mwezi wa kwanza unaonekana mzuri na kijana anadhani ameiweza kazi. Mwezi wa tatu watu wake wamekwisha, na sasa anabisha milango ya watu wasiomjua, wanaomwambia "rudia mwisho wa mwezi". Anarudi mwisho wa mwezi, mshahara wa mwenye nyumba haujatoka. Ikifika Septemba, pesa yote ya mji inakwenda shuleni. Ikianza mvua ya Novemba, kuna mitaa ambayo huingii mpaka Aprili bila kuvua viatu. Kijana anakata tamaa, anaondoka, na mlangoni kuna mwingine anayengoja kuingia na shangazi zake wapya. Ziko kampuni zinazoishi hivyo miaka na miaka, na hazina haja ya kumfundisha mtu kuuza, kwa sababu kila kijana mpya analeta ukoo mzima.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuajiri ni hili: watu wangu wakiisha, mtanionyesha nani? Kama ana orodha ya maduka, ya shule, ya wenye magari, kama kuna mtu mzoefu atakayetembea nawe wiki za mwanzo, hiyo ni kazi. Na usimuulize yeye peke yake. Mtafute kijana aliyeuza kwao zaidi ya mwaka mmoja, nje ya ofisi, umuulize mwezi uliopita alipokea kiasi gani mkononi. Kama hakuna hata mmoja aliyefikisha mwaka, umeshajibiwa.

Kati ya zile nafasi mbili, mimi ninayeuza sola nilimshauri achukue bima. Sola inauzika, hilo sina shaka. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika siku mbili, watu wanatupigia wenyewe. Lakini mteja akishafunga kifaa juu ya bati lake, mmeagana kwa miaka. Bima inarudi kila mwaka. Bima ya gari ni lazima nchini mwetu tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Zamani aliyeiuza alikuwa SONAS, shirika la bima la serikali, peke yake, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua soko, na kampuni za kwanza za binafsi zikapata kibali mwaka 2019. Sasa zinashindana na zinahitaji watu wa kutembea. Mwenye gari uliyemwandikisha mwaka huu atahitaji kuandikishwa tena mwaka ujao. Kama mkataba unasema kamisheni ya mwaka wa pili ni yako, unajenga kitu. Kama hausemi, umewapa mteja kwa bei ya mara moja na wao watamla miaka yote. Pia hakikisha kampuni yenyewe ina kibali cha ARCA, mamlaka inayosimamia bima, kwa sababu siku ya ajali mteja hatamtafuta mkurugenzi, atakuja kubisha kwa mama yako.

Sasa sheria, kwa ufupi. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu kamisheni kuwa sehemu ya ujira, na anayefanya kazi chini ya amri ya mwingine kwa malipo ni mfanyakazi. Kama wanakutaka ofisini saa mbili kila asubuhi, wanakupangia mtaa wa kwenda na unaomba ruhusa ili kumzika ndugu, wewe ni mfanyakazi, hata karatasi yao ikikuita jina jingine. Mfanyakazi ana haki ya mshahara wa chini wa kisheria, ambao mwaka 2018 uliwekwa faranga 7,075 kwa siku na umepandishwa tangu hapo, na ana haki ya kuandikishwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Usidharau CNSS. Anayeshinda juu ya manseba anaweza kuvunjika mguu siku yoyote. Na wakikuambia bado uko kwenye majaribio, majaribio nayo huandikwa, na hayafuti malipo.

Kama kweli uko huru, unapanga saa zako na njia zako, basi wewe ni wakala wa biashara, na sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, zina sehemu inayokuhusu. Isome kabla ya kutia sahihi, maana inakata pande zote mbili. Inasema wakala hujilipia gharama za kawaida za kazi yake isipokuwa mmekubaliana vingine, kwa hiyo nauli isiyoandikwa haipo. Lakini inasema pia kwamba hawawezi kukuacha ghafla. Ni notisi ya mwezi 1 katika mwaka wa kwanza, miezi 2 katika wa pili, miezi 3 kuanzia wa tatu. Sijakutana na kijana aliyeambiwa hayo siku ya semina.

Pesa za mteja usizishike mkononi. Mwambie alipe kwenye namba ya kampuni mbele yako, akupe uthibitisho. Nimeona vijana waaminifu ambao kamisheni yao ilicheleweshwa, wakaamua kujilipa kutoka kwenye pesa waliyokusanya, wakidhani ni haki yao. Mbele ya sheria hiyo ni abus de confiance, yaani kosa la kutumia vibaya mali uliyoaminiwa, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Kijana hana pesa ya wakili. Kampuni inaye.

Na kwa mabinti, hili nalisema kwa uchungu: mteja anayesema "njoo jioni tuongee vizuri" si mteja. Nenda wawili, nenda mchana, na mkuu wako akikulaumu kwa kupoteza mauzo ya namna hiyo, acha kazi siku hiyo hiyo bila kungoja kamisheni.

Mbona basi bado nasema kubali? Kwa sababu mtu aliyejifunza kuuza hapa mjini hakosi chakula. Anajua mishahara inatoka lini na kwa nani, anajua kumsikiliza mtu mpaka aseme kinachomzuia kununua, anajua kukataliwa mara nyingi kabla ya saa sita na bado akabisha mlango unaofuata kwa sauti nzuri. Chuo hakikumfundisha hayo. Vijana niliowaona wakifungua maduka yao, au wakichukuliwa na benki na kampuni za simu kwa mshahara kamili, walipita hapo. Walikuwa wameandika muda wao tangu mwanzo. Waliojiwekea miezi minne au sita walitoka na ujuzi, na wale waliosema "tutaona" walitoka na madeni.

Binti yetu amewaandikia watu wa bima barua ya mambo matatu: nauli ya miezi mitatu, kamisheni kulipwa kila mwezi kwa tarehe inayojulikana, na wateja wa mwaka wa pili kubaki wake. Wamekubali mawili ya kwanza. La tatu wanasema mkurugenzi atalijibu kabla ya mwezi kuisha. Mjomba wake bado hajaridhika, lakini amesoma barua yote na kusahihisha Kifaransa chake. Mimi nimemwambia asianze mpaka jibu la tatu liwe limeandikwa na kutiwa sahihi, na mama yake amesema pesa ya likelemba haitoki kabla ya hapo.